Daftari la Kufuli

Mwaka wa kwanza wa duka niliuza kufuli tatu.
Mbili zilikwenda kwa wageni wa majumba ya Shela,
ya tatu akaichukua Bwana Famau, akafungia zizi la punda,
si kwa kumwogopa mwizi: punda mwenyewe alikuwa mtoro.
Zilizobaki zikashika kutu kwenye kulabu,
nikazipaka mafuta ya cherehani kila Ijumaa
kama mtu anayepalilia kaburi la asiyemjua.

Siku hizo mlango ulifungwa na hodi.
Ulisimama dakani, ukaita, ukangoja,
na sauti ya mwanamke kutoka juu ikakujua
kabla hujataja jina.

Mwaka huu dazeni ya kwanza iliisha kabla ya Maulidi.
Ya pili haikuiona Rajabu.
Nimeandika yote, na sababu zake, maana mnunuzi hujieleza bila kuulizwa:
Mtungi wa gesi, Langoni: kufuli moja.
Simu mbili, dirishani mwa madrasa: kufuli moja na mnyororo.
Pampu ya maji, Mkomani: kufuli mbili, za shaba.
Viatu vya msikitini: hapana kufuli,
mtu kaenda zake pekupeku akicheka,
ila kicheko kile sikukijua.

Barazani kwa chifu, Koplo Nzioka alisoma karatasi:
visa tisa, robo nzima ya mwaka. Hali ni shwari.
Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga.
Mfukoni nilikuwa na daftari: kufuli hamsini na nne.
Hakuniuliza. Na angeniuliza
ningesema nini? Kwamba tisa ni wale walioweza kutaja jina,
na wengine jina wanalo, wamelinyonyesha,
wamelifundisha alifu na bee,
na hadi leo wanaliwekea chakula chini ya kawa?

Vichochoro vyetu ni vya bega moja.
Ukikutana na aliyekuibia, mmoja sharti ageuke ubavu
ampishe mwenziwe.
"Salamu alaikum, Ami Shekuwe."
"Alaikum salamu, Lali."
Mtungi wangu ulikuwa umekwisha kuuzwa tangu asubuhi.
Mkono alionipa ulikuwa mwembamba kama wa mtoto,
na wa baridi, saa saba mchana.
Kisiwa hakina pa kukimbilia mwizi.
Aliyeibiwa naye, hana.

Juzi, baada ya alasiri, akaja mama yake.
Mwana Esha, buibui kalishika kidevuni, hakukaa.
"Nipa moya. Ile nzito."
Nikaiweka mezani. Akaipima kiganjani,
akaifunga, akaifungua, akaifunga tena.
"Ina funguo ngapi?"
"Tatu."
Akahesabu midomoni: yeye, bintiye Nyae,
akasita hapo, pale ambapo zamani hakusita.
Nyumba ile ina watu watatu.

Daftarini sikuandika. Bei sikuitaja.
Aliacha noti, na juu ya noti akaacha ufunguo mmoja.
"Huu kaa nao wewe. Akiya mzima, mpe.
Akiya vile vyengine, mimi hukuniona."

Nimeutundika msumarini, nyuma ya mizani,
kati ya kalenda na picha ya marehemu baba.
Ni ufunguo mdogo. Hata mwanga haushiki.

Jana Lali alipita mara mbili. Ya pili akasimama.
Akauliza bei ya betri, macho yakiwa ukutani.
Nilimtajia. Hakununua.
Wala sikujua kama aliutambua,
au alikuwa akimtazama baba, aliyempa peremende utotoni.

Usiku, nilipofunga duka (nami nafunga, siku hizi),
nilifika mpaka kona ya kisima, nikarudi.
Nikautoa ufunguo msumarini, nikautia mfukoni,
nikalala nao ukinichoma pajani.
Asubuhi nikautundika tena mahali pake,
mbiombio, kabla hajapita.